Kikombe Hakina Baba

Vijana wa ofisi ya misaada ya Thika, mmeniletea daftari jipya na kalamu mbili, moja ya akiba, eti niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Ila naandika polepole, kwa maana shule nilisoma miaka mitatu tu, na mmoja kati ya hiyo mwalimu alikuwa mgonjwa. Mkikuta neno limekaa upande, lisukumeni kidogo mpite.

Tena ni afadhali mjue mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Siku ile mliyoniaga, mkanipa blanketi na saa ya ukutani (blanketi ni zuri, saa inapiga kelele), mgeni wa heshima alisimama akawashukuru watu walioacha makwao wakavuka bahari kuja kutulisha wakati wa shida. Tukapiga makofi. Halafu akasema, "Na tusiwasahau wenyeji waliowasaidia." Nilikuwa nimeketi nyuma na soda yangu. Nikajitazama. Kumbe ndiye mimi, mwenyeji aliyesaidia. Miaka yote hiyo! Sasa nawaambia, na muiandike mahali: mimi sikumsaidia mtu kufanya kazi yake. Kazi ilikuwa yangu. Niliifanya kwetu, kati ya watu walionijua tangu nikitembea bila nguo, na hiyo ni ngumu kuliko kuvuka bahari. Bahari ukishaivuka imekwisha.

Nani alipandishwa cheo na lini, someni kwenye faili. Hapa nitaandika juu ya maziwa.

Miaka ya emajensi, yaani hali ya hatari, serikali ya Wazungu ilipopigana na watu wetu walioingia msituni, sisi wa Ruiru tulitolewa kwenye nyumba zetu zilizokuwa zimetawanyika huko mashambani, tukakusanywa kijiji kimoja. Msifikirie kijiji cha kwenye kalenda. Nyumba zimebanana kama meno, halafu ua, halafu handaki limezunguka, na chini ya handaki vijiti vilivyochongwa vikiangalia juu. Handaki hilo tulilichimba wenyewe, sisi wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa kambini au msituni au wamekufa. Waliobaki walikuwa wazee, na homgadi, yaani watu wetu wenyewe waliopewa koti na bunduki watulinde, wengine wakatulinda mpaka tukachoka. Asubuhi hadi alasiri ni kuchimba. Halafu filimbi inalia, unapewa saa moja ukimbie kung'oa viazi, uteke maji mtoni, urudi kabla lango halijafungwa. Nani atatafuta chakula cha kumshibisha mtoto kwa saa moja? Watoto wakaanza kuvimba miguu. Nywele zikageuka rangi ya kutu. Wakaacha kucheza, na kijiji chenye watoto wengi hivyo kikawa kimya, kimya ambacho sitaki kukieleza zaidi.

Mume wangu alikuwa amechukuliwa. Nilibaki na binti mmoja na mama mkwe asiyeona vizuri.

Siku moja lori likaja na mama mmoja wa Kizungu. Alikuwa na jina lake refu, sisi tukamwita Memsahib wa Maziwa, na yeye mwenyewe akalizoea. Alitaka mwanamke mmoja anayejua Kiswahili na kuandika namba. Mimi kabla ya kuolewa nilikuwa yaya huko Thika, Kiswahili nilikuwa nacho cha kuombea chumvi. Nikainua mkono. Wacha niseme ukweli, sikuinua kwa huruma. Niliinua kwa sababu nilisikia mwenye kazi hiyo hachimbi handaki.

Nikapelekwa Thika wiki mbili nijifunze. Jiko la maziwa lilikuwa karibu na stesheni ya reli, na bosi wa jiko hilo, hata kama faili haisemi hivyo, alikuwa Bi Zuhura wa Majengo. Mwanamke mnene, leso mbili, Mwislamu, mkunga wa Majengo nzima. Babu yake alikuja na msafara wa wapagazi kutoka sijui wapi, na yeye mwenyewe alisema hajui, na hana haja. Alizaliwa Majengo, atazikwa Majengo, na watoto aliokuwa akiwapa maziwa nusu yao aliwapokea kwa mikono yake siku wanazaliwa.

"Wewe Gathoni," akaniambia siku ya kwanza, "huo unga umekukosea nini?"

"Haujanikosea, Bi Zuhura."

"Basi mbona unaumwagia maji moto kama unamnyonyoa kuku?"

Maziwa ya unga hayakorogwi na maji moto. Mnacheka, lakini nimewaona wengine wenu na diploma zenu mkifanya hivyo. Unachemsha maji, unayaacha yapoe mpaka kidole kikae ndani bila kulalamika. Unga unatangulia kwenye sufuria, unatia maji kidogo, unausugua kwa mwiko mpaka ulainike kabisa, ndipo unaongeza maji mengine. Ukiwa na haraka unapata mabonge. Bonge likimfika mtoto dhaifu kooni anatapika yote aliyokunywa, na hapo umemnyang'anya badala ya kumpa. Kila akiona bonge, Bi Zuhura alinipiga na mwiko kwenye vifundo vya mkono. Nilipigwa sana.

Jambo la pili alilonifundisha ni kidole gumba. Unambonyeza mtoto juu ya mguu, unashikilia kidogo. Yeye alishikilia kwa urefu wa kusema bismillahi, mimi kwa urefu wa Baba yetu uliye mbinguni, tukaona ni sawasawa. Ukiondoa kidole na ngozi ikarudi, huyo atangoja. Ukiondoa na shimo likabaki kama kwenye unga wa chapati, huyo anatangulia, na hapewi kingi kwa mara moja. Anapewa kidogo, unapumzika, kidogo tena, maana tumbo lake limesahau kazi. Baadaye ofisi imenipa vyombo vingi, mizani, kanda za kupimia mkono, chati za rangi. Vingine viliibwa na vingine vililiwa na panya. Kidole gumba bado ninacho.

Nikarudi Ruiru nikiwa na kitambaa cheupe kimefungwa mkononi, sufuria mbili kubwa kama pipa, na karatasi ya Memsahib. "Wewe andika watoto ngapi iko," aliniambia. "Kama hapana namba, mimi hapana leta maziwa."

Hapa ndipo nilipokosea.

Akina mama walipanga foleni na watoto wao. Mimi nikasimama mbele, nikanyoosha kidole, nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kwa wale kati yenu ambao mmelelewa Nairobi, nieleze. Kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi. Ukimuuliza mama ana wangapi, atakwambia, njoo nyumbani uone. Hata mbuzi, mchungaji anamjua aliyepotea kwa rangi yake, hasemi walikuwa kadha. Kumnyooshea mtoto kidole na kumpa namba ni kama kukionyesha kifo mahali pa kuchagua. Na mimi nilijua. Msije mkasema, maskini, hakujua. Nyanya yangu aliwahi kunichapa kwa kuhesabu kuku, sembuse watu. Lakini nilikuwa na kitambaa mkononi, na kitambaa kile kilinifanya nijione nimetoka mahali pengine.

Katika foleni alikuwepo Njeri, jirani yangu, ambaye tulimwita Mama Wacera kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wacera alikuwa wa miaka kama minne, amesimama mwenyewe. Mdogo wake, Mugo, alikuwa mgongoni. Kidole changu kilimwangukia Wacera kwenye saba, na saba kwetu ni namba ambayo haitajwi ovyo. Mama Wacera alimfunika mtoto kichwa na nguo yake.

"Gathoni, unatuhesabu? Tumekuwa ng'ombe wa nani?"

"Ni kazi, Mama Wacera."

"Kazi," akasema. Basi.

Siku ya nne Wacera akafa. Nilikuwa nimembonyeza mguu siku ile ya foleni, na shimo lilikuwa limebaki refu. Maziwa ya siku moja yasingemrudisha. Kidole changu kilijua hivyo. Sasa wewe nenda ukamwambie mama yake hayo maneno ya kidole.

Siku iliyofuata ya maziwa hakuja mtoto hata mmoja. Nimesimama na sufuria mbili zimejaa, na kijiji kizima kimefunga milango. Nilimwona Mugo kwenye kizingiti cha nyumba yao, ameketi, miguu inang'aa kwa kuvimba. Nilipomsogelea mama yake alimvuta ndani.

Memsahib alitazama saa yake. "Hawa hapana taka maziwa?"

"Wanataka, Memsahib."

"Iko wapi, basi? Mimi nangoja wiki moja tu. Kama hapana watoto na hapana namba, hii maziwa nakwenda kijiji ingine." Hakuwa mbaya, nasema ukweli wake. Alikuwa na vijiji vingi na lori moja. Lakini jioni alirudi kwake, na mimi nikabaki nikipishana na Mama Wacera njiani, njia yenyewe ya kupita mtu mmoja.

Nilipanda lori hadi Thika kupeleka sufuria. Nikamweleza Bi Zuhura yote. Nilidhani atanihurumia. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Umeenda kwenu kama mgeni," akasema. "Tena mgeni angesamehewa, watu wangesema hajui. Wewe unajua. Wewe itabidi ulipe."

"Nilipe nini, Bi Zuhura?"

"Nitajuaje? Mimi si Mkikuyu. Lakini nikuulize. Ulipovaa hicho kitambaa, ulikimbia nini hapo kwenu?"

Alijua na mimi nilijua.

Kesho yake asubuhi nilikivua kile kitambaa, nikachukua jembe, nikashuka kwenye handaki. Nilijiweka karibu na Mama Wacera. Hakuna aliyenisalimia. Mikono yangu ilikuwa imeshakuwa laini kwa kukoroga maziwa, kabla ya saa sita ilikuwa imetoka malengelenge. Mkuu wa homgadi wa kijiji chetu alikuwa Karanja, mtu wa kijiji hicho hicho, mume wa Mama Kamau. Akasimama ukingoni na koti lake refu akaniangalia chini.

"We wa maziwa! Umefutwa kazi?"

"Bado."

"Sasa huko chini unachimba nini?"

"Nachimba handaki lako, Karanja. Umelisahau?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Nilisikia mmoja akicheka puani. Ndiyo sauti ya kwanza nzuri niliyosikia wiki hiyo.

Nilichimba siku tatu. Siku ya tatu nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama Wacera, nilikosa. Nilinyoosha kidole."

Akatupa udongo juu kwanza. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungesema hukujua, ningekukata na hili jembe."

Tukachimba tena. Nikamwambia, "Sasa nifanyeje? Yule mama anataka namba. Nisipojua ni wangapi nitakoroga kiasi gani? Yakibaki yanaganda, yakipungua mtu analia."

Akasimama, akajifuta jasho, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga wa ukoo wake mwenyewe, ambaye hawezi kumtupa. "Mimi nikipika, kwani huwa nahesabu vichwa? Si naangalia vikombe?"

Mama mmoja kule mbele akasema, "Ĩĩ," ndiyo ya kwetu. Mwingine akasema, "Si hivyo tu?" Ikawa imeamuliwa ndani ya handaki, wala hakukuwa na kikao, wala mwenyekiti.

Tulikuwa tunatumia vikombe vya kibuyu kilichokatwa nusu. Kila nyumba ilichora vyake kwa kisu cha moto, huyu mistari, huyu madoa, kwa hivyo vikombe havipotei. Siku ya maziwa, mapema, akina mama walivileta vyenyewe, bila watoto, wakavitundika kwenye kamba niliyoifunga kati ya nguzo mbili. Wakaondoka. Mimi nikahesabu vibuyu. Hakuna mtoto hapo, hakuna kidole, ni kamba na vibuyu tu. Nikaandika namba kwenye karatasi ya Memsahib, nikakoroga sawasawa na vikombe, ndipo nikagonga debe kuwaita, na watoto wakaja.

Mama Wacera alitundika vikombe viwili.

Niliviona. Nilijua cha pili ni cha nani. Nikakaa nikiviangalia, halafu nikavihesabu vyote viwili na kuvijaza vyote viwili. Mugo alikunywa kimoja palepale, na kile kingine mama yake alikibeba nyumbani, akimpa kidogo, anapumzika, kidogo tena, mpaka jioni. Ndivyo hasa mtoto wa mguu wa shimo anavyotakiwa kulishwa. Sikumfundisha. Na kama mkaguzi wa siku hizi anasoma hapa, ndiyo, bwana, niliandika kikombe kimoja zaidi ya watoto waliokuwepo, na ningeandika tena leo.

Ikaenda hivyo wiki kadhaa. Halafu Karanja, ambaye hakuwa na kazi nyingi, akaanza kutembea kwenye kamba akihesabu vibuyu. Yeye alikuwa na kitabu cha nyumba zote. Akakuta kikombe kimoja hakina mtu. Badala ya kuniuliza, akaenda kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali wa tarafa, akasema, maziwa yanapelekwa msituni.

Fikiria mtu mzima wa msituni, ndevu mpaka kifuani, analetewa kibuyu kimoja cha maziwa ya mtoto. Lakini wakati ule hakuna aliyecheka.

Bwana Shauri akaja siku ya maziwa na askari na meza. Alikuwa kijana mwekundu, aliyeunguzwa na jua. Akaketi, akatoa karatasi ndefu. "Sasa watoto yote nakuja hapa moja moja," akasema. "Nahesabu kichwa. Na mama nasema jina ya baba. Kama baba iko msitu, hapana maziwa." Memsahib alikuwa nyuma yake, anaangalia viatu vyake.

Akina mama walikuwa wamesimama na watoto. Sikuhitaji kugeuka kuwatazama. Nilijua nyumba baada ya nyumba baba yuko wapi, na nilijua wakishaandikwa haitaishia kwa maziwa. Baba ya Mugo alikuwa huko msituni. Mugo alikuwa ndio kwanza ameanza kushika vitu na mkono.

Bwana Shauri akanisukumia ile karatasi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kuandika. "Wewe. Andika."

"Mimi huandika vikombe, Bwana."

"Andika jina ya baba!"

"Kikombe hakina baba, Bwana. Kina maziwa."

Watu huniuliza kama niliogopa. Niliogopa, maana nilikuwa na binti yangu palepale, baba yake kambini. Lakini nilikuwa nimeshanyoosha kidole mara moja katika maisha yangu. Nilikuwa nimeshalipa. Sikuwa na mikono mingine ya kuchimbia.

Askari mmoja akaja akaning'oa kitambaa mkononi, kikachanika. Bwana Shauri akasimama. Sasa yeye alifikiri ametufahamu. Akasema, "Watu hii naogopa bure. Tutaanza na watoto ya mtu mzuri, wengine naona hapana kitu. Karanja! Leta watoto yako."

Watoto wa Karanja nao walikunywa maziwa yangu. Msishangae, tumbo la mtoto halijui koti la baba yake. Vikombe vyao ndivyo vilivyochorwa vizuri kuliko vyote, kwa sababu Mama Kamau alikuwa fundi. Akawaleta mbele, wamepangwa kwa urefu, Kamau na wadogo zake. Mama Kamau mwenyewe akasimama kando na mikono imefungwa kifuani.

"Karanja, hesabu," akasema Bwana Shauri. "Kwa sauti."

Karanja akainua mkono. Kidole kikatoka.

Kijiji kizima kilikuwa kinakiangalia kile kidole. Mama Kamau ndiye aliyesema. Wala hakupaza sauti.

"Baba Kamau," akasema kwa Kikuyu, "ukimaliza, usirudi nyumbani."

Kidole kikabaki hewani. Niliona jasho limemtoka mtu yule, ambaye nilimwona akivunja mlango wa nyumba bila kutoa jasho. Nilidhani atahesabu. Alikuwa na koti, alikuwa na bunduki, alikuwa na Bwana wake ameketi pale. Halafu kile kidole kikageuka polepole, kikaenda kukuna sikio.

"Bwana," akasema, "vikombe inatosha."

"Nini?"

"Mimi naona vikombe inatosha, Bwana. Vikombe ni namba mzuri."

"Na ile kikombe ya msitu?"

Karanja akaangalia kamba. Halafu akamwangalia Mama Wacera, na Mama Wacera akamwangalia yeye, na nadhani hapo ndipo alipojua ni kikombe cha nani. Walikuwa wamezaliwa kilima kimoja hao wawili. "Mimi nilihesabu vibaya," akasema.

Bwana Shauri hakuelewa kitu. Alijua tu kwamba amekaa mezani kwenye jua na hakuna mtu anayesogea. Alihitaji kuondoka na kitu mkononi, kwa hivyo akaondoka na mimi. Siku mbili kwenye kibanda cha homgadi, bila kitambaa, na uji wa Mama Kamau, ambaye aliupitisha dirishani akisema nisimwambie mtu. Sasa nimewaambia. Siku ya tatu Memsahib alikuja kunitoa. Alizungumza na Bwana Shauri kwa Kiingereza kwa muda mrefu, na mkalimani aliniambia baadaye alichosema: kwamba tarafa nzima hakuna mwingine anayeweza kukoroga maziwa yasiwe na mabonge. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kutoka kwake, na haikuwa kweli. Lakini siku hiyo hakuangalia viatu, na hilo namhesabia.

Niliendelea na ile kazi mpaka kijiji kikavunjwa, halafu njaa nyingine, mafuriko mengine, na nyinyi mkaja na magari yenye redio. Hayo mnayajua. Mtakapofika mahali mkakuta mwenyeji wenu ameketi nyuma na soda, mpeni kiti cha mbele. Katika kila kijiji cha enzi ile alikuwepo Gathoni mmoja, na Thika alikuwepo Bi Zuhura, ambaye jina lake nimelitafuta kwenye faili zenu nikalikosa. Nimeliandika hapa mara nyingi kwa makusudi.

Kumbe sijamaliza habari ya Mugo. Siku moja, mvua ndefu zikiwa zimeanza, nilimbonyeza mguu, nikasema Baba yetu yangu kimoyomoyo, nikaondoa kidole. Ngozi ikarudi. Nikabonyeza mguu mwingine. Ikarudi. Mugo akanipiga teke. Mama yake alikuwa amechutama hapo, anaangalia kidole changu. Alienda kwenye kamba, akavitungua vikombe vyake viwili, akavifuta kwa nguo. Kimoja akakitundika tena. Kile kingine akakitia kifuani, ndani ya nguo, akaenda nacho nyumbani. Tangu siku hiyo nilihesabu kimoja.

Jioni yake, katika ile saa moja yetu, tulikutana mtoni. Alijaza mtungi wake, akaufunga kamba, akaiweka kamba kwenye paji la uso. Nilijua atasema neno. Baada ya yote yale, nilijiambia, leo Mama Wacera atasema neno. Akanyanyuka na mzigo, akanigeukia.

"Gathoni."

"Ĩĩ, Mama Wacera."

"Maziwa ya leo yalikuwa na mabonge."

Akapanda kilima. Na ni kweli, yalikuwa nayo.